Jinzi inauzwa laki moja, aliyeshona kapata ngapi?

Swali limetoka kwa kaka mmoja wa Mabibo, nalifupisha kidogo: "Shikamoo dada. Mdogo wangu wa kike anashona jinzi kwenye kiwanda cha EPZ (vile vya kuuza nje ya nchi) huku kwetu, mshahara wa msingi 180,000 kwa mwezi. Juzi nimeona kwenye simu suruali yenye lebo ya Tanzania inauzwa dola 40 huko Marekani. Hela yote inaenda wapi? Halafu kuna wiki wanakaa tu hakuna kazi, wiki nyingine anarudi saa saba usiku. Wakilalamika wanaambiwa mkizidi kiwanda kinahamia Ethiopia. Huyu mwajiri ni mbaya au ndo utandawazi wenyewe?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako limenigusa kwa sababu mi mwenyewe nilikaa kwenye cherehani miaka minne, kazi yangu ilikuwa kuweka zipu, baadaye nikawa supavaiza wa laini (safu ya washonaji wanaopeana suruali moja, kila mtu na kipande chake) na mwisho wakanipeleka ofisini kwenye hesabu za gharama, yani kule wanakokaa kupanga suruali moja itauzwa bei gani kwa mnunuzi wa nje. Kule ndo nilielewa kitu ambacho nikiwa kwenye cherehani sikuwahi kuambiwa na mtu. Ngoja nikupe hesabu kwanza, lawama tutazigawa baadaye.

Mshahara wa mdogo wako 180,000. Sheria ya kazi inasema wiki ni masaa 45, mwezi unahesabiwa wiki 4.333, kwa hiyo ni masaa 195. Gawanya, unapata kama shilingi 923 kwa saa, ambayo ni shilingi 15 na senti kidogo kwa dakika. Sasa viwandani suruali haipimwi kwa siku wala kwa saa, inapimwa kwa dakika. Kuna mtu anakuja na saa ya kusimamisha, anasimama nyuma yako anapima, kushona mfuko wa nyuma sekunde kadhaa, kuweka zipu sekunde kadhaa, lupu za mkanda, kiuno, upindo wa chini, anajumlisha zote anapata labda dakika 18 kwa jinzi moja ya kawaida. Tuchukue hiyo 18. Lakini hakuna laini inayokimbia asilimia mia, sindano inakatika, umeme unakata, bando la vipande vilivyokatwa halijafika, basi tuseme laini inafanya nusu ya uwezo, hapo kiwanda kinalipa dakika 36 kwa kila suruali. Zidisha, ni kama shilingi 554. Dola moja tuiweke 2,500, hiyo ni senti 22 za dola.

Kwa hiyo jinzi ya dola 40, yani laki moja, mikono yote iliyoshona imepata shilingi mia tano na hamsini na nne. Na siyo mdogo wako peke yake, hiyo ni laini nzima wanagawana, yeye wa kiuno, yule wa mifuko, yule wa zipu.

Hela nyingine iko wapi? Nakupa mfano wa karatasi ya gharama kama tulivyokuwa tunazijaza, namba zinabadilika kwa mtindo na kwa mwaka ila umbo lake ndo hili. Mnunuzi anachukua suruali pale bandarini kwa dola 9. Ndani ya hizo 9, kitambaa cha denimu kinakula dola 5. Zipu, vifungo, uzi, lebo na ile mifuko ya plastiki, dola 1. Inabaki 3, humo kuna mishahara ya wote, kukata, kushona, kufua (jinzi inafuliwa na mashine kubwa na dawa ili ipauke, inakula maji na umeme vibaya sana), kupiga pasi, kodi ya jengo, lori la kwenda bandarini, na mwenye kiwanda akibahatika anabaki na nusu dola. Kutoka dola 9 mpaka 40 hapo katikati kuna meli, bima, ghala, pango la duka, mishahara ya wauza duka ambao nao ni wafanyakazi kama sisi, matangazo, mzigo usiouzika unaoshushwa bei, na faida ya mwenye jina, yani kampuni ambayo jina lake liko kwenye lebo. Mwenye jina hana cherehani hata moja. Ana mchoro, ana jina na ana orodha ya viwanda kwenye nchi ishirini.

Umeona sasa tatizo limekaa wapi. Ukimwambia mwenye kiwanda aongeze mshahara mara mbili, zile senti 22 zinakuwa 44, na karibu nusu ya faida yake imeliwa. Ukimwambia mwenye jina aongeze senti 22 kwenye suruali ya dola 40, mteja wa Marekani hataona tofauti. Lakini mwenye jina ndo haji mezani, na mdogo wako hajui hata simu yake. Anayemjua ni supavaiza anayempigia kelele kuhusu tageti.

Hili halikuanza leo wala halikuanzia Mabibo. Mwaka 1956 Malcolm McLean alipakia makontena 58 kwenye meli moja kule Newark akayapeleka Houston, watu wakaona kumbe mzigo unaweza kutoka kiwandani mpaka dukani bila kushushwa na kupakiwa kwa mabega ya watu kila bandari. Usafiri ukawa rahisi mpaka ikawezekana pamba ilimwe nchi moja, isokotwe nyingine, ishonwe ya tatu, ivaliwe ya nne, na bado ilipe. Angalia pamba yetu yenyewe. Inalimwa Bariadi, Maswa, Shinyanga huko, inachambuliwa, kisha sehemu kubwa inapanda meli kwenda Asia ikiwa nyuzi ghafi. Halafu denimu inakuja Mabibo kutoka Asia kwenye kontena. Na ukitembea kwa mguu kutoka hapo kiwandani kwenda Ubungo unapita Urafiki, kiwanda kilichojengwa na Wachina mwaka 1968, ambacho kilikuwa kinasokota, kinafuma na kutia rangi kanga na vitenge vyetu hapo hapo. Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma kulikuwa na Mutex. Mi kila nikipita pale Urafiki roho inaniuma, manake dola 5 za kitambaa kwenye ile karatasi zingeweza kubaki hapa, na kwenye kitambaa ndo kuna hela, kwenye kushona hakuna. Tumeachiwa kipande chembamba kuliko vyote vya mnyororo.

Sasa swali linakuja, kama senti zenyewe ni ndogo hivi kwa nini waje kushona hapa kabisa? Watu wengi wanajibu haraka haraka, sababu mikono yetu rahisi. Ni kweli kwa kiasi, ila siyo sababu kubwa. Fundi wa China analipwa zaidi ya mdogo wako mara kadhaa, lakini kitambaa kiko jirani, bandari haichelewi, na laini yake inatoa suruali nyingi zaidi kwa saa. Kilicholeta viwanda vya jinzi Afrika Mashariki na Lesotho ni sheria ya Marekani inaitwa AGOA, ilisainiwa Mei 2000. Bila AGOA, suruali ya pamba ikiingia Marekani inalipiwa ushuru wa kawaida asilimia 16.6. Kwenye ile suruali ya dola 9 hiyo ni kama dola 1 na senti 49. Kwa AGOA ni sifuri, na wakaruhusu nchi zetu zitumie hata kitambaa cha nchi ya tatu, yani denimu ya Asia ikishonwa Mabibo inahesabika ya Tanzania.

Linganisha mwenyewe. Msamaha wa ushuru senti 149, mshahara wa washonaji senti 22. Ule msamaha ni karibu mara saba ya mshahara. Mdogo wangu, hii ndo sentensi ninayotaka uibebe ukampe dada yako: kiwanda kiko pale kwa sababu ya karatasi iliyosainiwa Washington kuliko kwa sababu ya unyonge wa mshahara wake. Hata akilipwa mara mbili, bado ule msamaha wa ushuru unazidi nyongeza yenyewe.

Ndo maana hayo maneno ya "tutahamia Ethiopia" yasiwatishe kirahisi. Ethiopia walijenga eneo kubwa la viwanda Hawassa, likafunguliwa 2016, mishahara ilikuwa chini kuliko karibu popote duniani, utafiti wa chuo kikuu cha New York uliotoka 2019 ulisema mshahara wa msingi ni kama dola 26 kwa mwezi. Kampuni kubwa zikaingia. Vita ya Tigray ikaja, Marekani ikaitoa Ethiopia kwenye AGOA kuanzia 1 Januari 2022, na hata kabla ya tarehe hiyo kufika, Novemba 2021, PVH, kampuni kubwa ya nguo ya Marekani, walishatangaza wanafunga kiwanda chao pale. Mabinti wa vijijini walioletwa Hawassa wakarudi kwao. Mshahara wa dola 26 haukuwaokoa. Rwanda nao walitolewa upande wa nguo mwaka 2018 kwa sababu walipandisha ushuru wa mitumba, walitaka kulinda viwanda vyao wakaambiwa chagueni, na sisi Tanzania, Kenya na Uganda tuliokubaliana nao 2016 kuondoa mitumba pole pole tukarudi nyuma. Uganda ikatolewa 1 Januari 2024. Kwa hiyo anayehama anahamia wapi? Hatari ya kweli kwa kazi ya mdogo wako ipo, sikufichi, ila haitokani na yeye kuomba nyongeza. AGOA ina tarehe ya mwisho, wanaisogeza kila mara, 2015 waliisogeza hadi 30 Septemba 2025 na siku hiyo ikafika ikapita haijaongezwa, ikaja kurudishwa Februari 2026, tena hadi mwisho wa 2026 tu. Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru wa asilimia 50 kwa Lesotho, Agosti ukashushwa mpaka 15, lakini miezi ile ya katikati wanunuzi walishasimamisha oda na washonaji wa Maseru walisharudishwa nyumbani. Hakuna mshonaji hata mmoja aliyekosea kitu pale.

Haya, tuje kwenye masaa, manake hapo ndo panaumiza mwili.

Umesema wiki moja wanakaa, wiki nyingine saa saba usiku. Nakuelezea nilichokiona mwenyewe, kiwanda sitakitaja. Tulikuwa na oda ya suruali za wasichana, kitambaa kimefika, nyuzi zimefika, zipu hazijafika. Kontena lenye zipu limekwama bandarini, karatasi moja haikuwa sawa. Tumekata vitambaa vyote, mabando yamepangwa kwenye meza mpaka hayana pa kuwekwa, na laini imesimama siku nne, watu wanafagia, wanafuta mashine, wengine wanarudishwa saa tatu asubuhi na nauli wameshatumia. Siku ya tano zipu zikaja. Lakini meli ya kuondoka haikusogezwa hata siku moja. Mnunuzi hajali zipu zilikwama wapi, yeye ana tarehe ya dukani, na ukikosa meli unapeleka kwa ndege kwa gharama ya kiwanda, na ndege kwa suruali ya faida ya nusu dola ni msiba. Tulishona usiku tatu mfululizo. Mi ndo nilikuwa supavaiza, kuna ubao mbele ya laini unaandika kila saa suruali ngapi, nakumbuka saa tisa usiku niliandika namba nikageuka nikamkuta binti wa upande wa mifuko amelala huku mguu wake bado umekanyaga pedeli, sindano inakwenda bila kitambaa. Nilimwamsha. Mpaka leo nikifikiria naona ningemwacha alale, na ningesema hapana kwa meneja usiku ule, na sikusema.

Kwa hiyo kila ucheleweshaji wa mnyororo mzima, uwe wa meli, wa bandari, wa kiwanda cha kitambaa, wa mnunuzi mwenyewe aliyebadilisha rangi dakika za mwisho, unakuja kulipwa na usingizi wa mshonaji kwa sababu yeye ndo wa mwisho kabla ya meli. Machi 2021 meli ya Ever Given ilipoziba mfereji wa Suez siku sita watu waliongelea mafuta na bidhaa madukani, mi nilikuwa nafikiria laini ngapi zitakesha kufidia hizo siku sita. Na hatari nyingine yote inasukumwa chini hivo hivo. Mwaka 2020 corona ilipoingia, wanunuzi walifuta oda za mabilioni ya dola Bangladesh, nyingine nguo zimeshashonwa, kwa sababu utaratibu ni kiwanda kinunue kitambaa kwa hela yake au mkopo, kishone, kisafirishe, ndo kilipwe wiki kadhaa baadaye.

Wakaguzi je? Wanakuja, ndio. Kabla hawajaja milango ya dharura inafunguliwa, kisanduku cha huduma ya kwanza kinajazwa, na nilipokuwa opereta tuliambiwa cha kujibu tukiulizwa masaa. Rana Plaza kule Dhaka, jengo lililoanguka 24 Aprili 2013 likaua watu 1,134, baadhi ya viwanda vya ndani yake vilikuwa vimeshakaguliwa. Siku moja kabla nyufa zilionekana wazi kwenye nguzo, benki na maduka ya chini walifunga, washonaji wakaambiwa waingie kazini kwa sababu oda zimechelewa. Hilo la oda zimechelewa ndo lile lile la mdogo wako, tofauti ni nguzo tu.

Kilichobadilika Bangladesh baada ya pale hakikuletwa na wakaguzi kuongezeka. Mwezi uliofuata vyama vya wafanyakazi na kampuni zenye majina walisaini mkataba wa usalama wa majengo na moto wenye nguvu ya kisheria, kampuni zaidi ya 200 zikaingia, na mwenye jina akikiuka anashitakika. Na karibu na kwetu, Lesotho 2019, baada ya uchunguzi kuonyesha wasimamizi wanawalazimisha wanawake ngono ili wabaki na kazi kwenye viwanda vya Nien Hsing, ilisainiwa mikataba ambayo Levi Strauss, Kontoor Brands na The Children's Place walikubali kupunguza oda kama kiwanda hakitafuata. Umeona, mwenye jina alivutwa mpaka mezani. Vyama vya wafanyakazi na vyama vya wanawake wa Lesotho wenyewe walikuwa kwenye mikataba hiyo. Ndo njia ninayoiamini, manake kugombana na mwenye kiwanda peke yake mwisho wake ni ile nusu dola.

Kwa hiyo swali lako la mwajiri mbaya au utandawazi, jibu langu ni kwamba bei ndogo na tarehe isiyosogea vinatoka juu, lakini kuvunja sheria ya hapa ni chaguo la mwajiri na hilo hawezi kumsingizia Mmarekani. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kazi pamoja na ovataimu isizidi masaa 12 kwa siku. Ovataimu isizidi masaa 50 ndani ya wiki nne, na lazima iwe kwa makubaliano. Kila saa ya ovataimu inalipwa mara moja na nusu, kwa mshahara wa 180,000 ni kama shilingi 1,385 kwa saa. Saa ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Mapumziko ya saa nzima kwa anayefanya kazi zaidi ya masaa matano mfululizo. Kwa hiyo akiingia saa moja na nusu asubuhi akatoka saa saba usiku, hapo sheria imevunjwa hata kama amelipwa mpaka senti ya mwisho.

Wakipunguza watu, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa mapema, aeleze sababu, na akae na chama au wafanyakazi wajadili nani anaondoka na kwa vigezo gani. Aliyemaliza mwaka anadai kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, mpaka miaka 10. Akiachishwa isivyo halali anakwenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 30, madai mengine siku 60, na hizo siku 30 watu wengi sana zimewapita wakisubiri meneja aliyesema njoo wiki ijayo. Viwandani chama ni TUICO, ajiunge, na wakifika wengi wa kutosha wadai mkataba wa hali bora, na wakati wa kudai wawe na hii hesabu ya dakika mkononi. Meneja akisema hakuna hela, wamuulize mnunuzi ni nani na bei ya bandarini ni ngapi. Hatawajibu mara ya kwanza. Waulize tena. Kima cha chini nacho kina amri mpya iliyoanza Januari 2026, aangalie kiwango cha sekta yao.

Yeye mwenyewe asikubali kukaa sehemu moja ya laini. Mi niliyekuwa najua zipu tu walinipangia popote, nilipojua kiuno, upindo na overloki ndo nikaanza kusikilizwa. Na kila mwezi apige picha slipu yake, aandike kwenye daftari dogo saa aliyoingia na aliyotoka, tarehe kwa tarehe, hasa hizo wiki za usiku. Nitumie slipu ya mwezi mmoja aliokesha pamoja na hilo daftari, funika jina lake na la kiwanda, nikuhesabie anadai ngapi.